Nyumba Inayobadilika Namba

Jumatatu, 3 Machi

Tumemrudisha Mama nyumbani. Daktari hakuzungusha maneno: hospitali haina zaidi la kumfanyia, akalale kwake, apewe dawa ya maumivu, akae na watu wake. Watu wake ni mimi. Wengine wawili wako ng'ambo.

Kitanda nimekiweka sebuleni, chini ya dirisha. Chumbani kwake hakuna hewa, na kiti cha magurudumu hakipiti mlangoni. Makochi nimeyasukuma ukutani. Sebule imegeuka wodi — wodi yenye picha za harusi.

Kaka amepiga simu kutwa nzima. Hawezi kuja. Makaratasi yake ya ukaazi bado yanashughulikiwa. Akitoka kule harudi, na wanawe wako kule. Anasema, nipe hata pa kuchungulia tu, nimwone. Mdogo wangu naye yuko nchi nyingine kabisa, anatunza wazee kwenye nyumba yao ya kutunzia wazee. Likizo amenyimwa.

Basi tumekubaliana: kamera. Mdogo wangu katoa sharti moja. Picha za Mama zisiende kuhifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni yoyote. "Sitaki kitanda cha mama yangu kikae stoo ya watu nisiowajua." Nimemwunga mkono. Kila kitu kitakaa humu humu ndani.

Kazi yenyewe naijua, ndiyo ninayofundisha chuoni. Laptop kuukuu iliyopasuka kioo nimeipandisha juu ya kabati la vyombo, kamera ubavuni mwake. Shida ilikuwa anwani. Nyumba yetu haina namba ya kudumu kwenye mtandao. Kampuni ya intaneti inatugawia namba leo, kesho inatunyang'anya na kutupa nyingine — ruta ikizima tu ikawaka, tumeshahama bila kuhama. Ukimpa mtu namba kama hiyo ni sawa na kumwelekeza mgeni kwa kumwambia "nyumba ni pale lilipoegeshwa gari jeupe".

Kwa hiyo nimesajili jina kwenye huduma moja ya majina, na ndani ya laptop kuna kiprogramu kinachochungulia namba yetu kila baada ya muda mfupi. Ikibadilika kinapeleka habari: jina lile sasa liko hapa. Kaka na mdogo wangu hawana haja ya kujua namba. Wanaandika jina, wanaweka nywila, wako sebuleni.

Jina nimeweka vile tunavyoiita nyumba hii siku zote. Kwa Mama.

Jumanne, 4 Machi

Kaka ameingia asubuhi. Najua kwa sababu taa ndogo ya kamera huwaka mtu akifungua. Baadaye simu ikalia, nikapokea. Akasema, "Amekuwa mdogo hivi?"

Nikamwambia ndiyo.

Mama aliiona ile taa. Akauliza ni nani yumo. Nikamwambia ni watoto wako, wanakuangalia. Akaomba kitambaa chake cha kichwa. Nikamfunga. Akakaa akikitazama kile kidude kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Waambie wasinitazame nikipiga miayo," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme ulikatika jana mchana. Uliporudi, namba ikabadilika, na kile kiprogramu changu kikanyamaza kimya. Kosa langu — sikukiwekea amri ya kuanza chenyewe. Mimi sikujua kitu. Nilikuwa namwogesha Mama.

Mara mlango unagongwa kwa fujo. Kinyozi wa pale mbele, na wembe bado mkononi. Kaka yangu kampigia yeye, baada ya kunipigia mimi mpaka akachoka. Simu yangu ilikuwa chumbani. Kinyozi anahema. Anasema kaka yako yuko hoi, anasema nyumba haipo.

Nyumba haipo! Nilicheka, halafu nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na machozi yakanitoka. Kule alikokuwa Kaka, alikuwa ameandika jina la nyumba akajibiwa kwamba hakuna kitu. Aligonga kwenye namba tuliyokwisha kuihama. Labda sasa hivi ile namba amepewa mwenye duka wa mtaa wa tatu, na Kaka alikuwa anabisha hodi dukani akimwulizia mama yake.

Nimerekebisha. Nimezima ruta na kuiwasha, mara hii na mara ile, mpaka nikahakikisha jina linatufuata. Kinyozi alingoja mlangoni hadi nilipomwambia ni salama. Mteja wake alikuwa amenyolewa nusu kichwa.

Jumatano, 12 Machi

Ujumbe kutoka kwa mdogo wangu, nimeuandika hapa ili nisiukuze moyoni: "Mama hajageuzwa upande tangu asubuhi. Mgongo utachubuka."

Kweli hakugeuzwa. Kweli utachubuka. Yeye ndiyo kazi yake, anajua. Lakini nilikuwa nimesimama jikoni nikisubiri dawa ifanye kazi, kwa sababu ukimgeuza kabla, anapiga kelele. Hiyo kelele kamera haikuionyesha. Kamera inaonyesha saa, inaonyesha kitanda, inaonyesha mtu ambaye hakuja.

Nikaenda nikamgeuza. Mama akalia.

Ijumaa, 14 Machi

"Mbona uji umebaki?"

"Lile shuka ni la jana?"

"Yule mgeni alikaa muda mrefu, alimchosha." Huyo mgeni alikuwa mama mdogo, ndugu yake Mama wa tumbo moja.

Kaka si mkali, yeye anauliza tu. Mdogo wangu anaandika kama anayejaza ripoti ya zamu. Nadhani ndivyo anavyoweza kukaa karibu na jambo hili. Najua. Lakini nakula chakula changu jikoni, nimesimama, kwenye ile kona kati ya jokofu na mlango wa nyuma, kwa sababu ndipo jicho lile halifiki.

Leo nilifungua ile picha mwenyewe, kwenye simu, ili nione wanachokiona. Nikaona kitanda. Nikaona mwanamke ameinama, mgongo mpana, nywele zimekatika kisogoni, gauni limechanika kwapani. Nikajiuliza ni nani huyo, kabla sijajijua.

Jumapili, 16 Machi

Hili la leo sijui niliandikeje.

Kaka aliomba aweze kusema na Mama kutoka kule kule, bila mimi kushika simu. Nikaunganisha spika ndogo na maikrofoni. Baada ya chakula cha mchana taa ikawaka, na sauti yake ikaingia sebuleni: "Mama. Hujambo?"

Sauti ya Kaka imekuwa nzito, sikuwa nimegundua. Ni ya Baba kabisa. Baba alikufa sisi tukiwa bado shuleni.

Mama alifumbua macho. Hakutazama kamera, alitazama mlango. Akasema, "Umerudi."

Kaka akasema ni mimi, Mama. Mama hakusikia, au alisikia alichotaka. Akaanza kusema, polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia akimsemesha mtu — sauti ya mke. Akasema: "Ulimwambia mtoto akitaka kuwa mtu aondoke hapa. Nilikuwa jikoni. Nilisikia. Ulimwambia hapa hatapata kitu, na mtoto alikushika neno, akaondoka hata baada ya wewe kuondoka. Sasa niambie yuko wapi."

Nikasogea kuzima spika. Kitu kikanizuia.

Taa inawaka. Kisha Kaka, taratibu sana: "Nilikosea, mke wangu."

Mama akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyelipwa. "Basi mwite."

"Nitamwita."

"Mwite kwa upole. Ukimfokea haji."

"Kwa upole," Kaka akasema.

Mama akalala. Taa ikakaa inawaka muda mrefu. Baadaye alinipigia. Aliniuliza kama ametenda vibaya. Nikamwambia sijui. Akasema, "Nimemwongopea." Nikamwambia hujamwongopea, umempa jibu. Tukakaa hivyo kwenye simu, mtu na kaka yake, mpaka salio lake likaisha.

Jumatano, 19 Machi

Kamera imekufa kwa nje. Safari hii si umeme wala si mimi. Jina liko sawa, kiprogramu kiko sawa, ila namba tuliyopewa si yetu peke yetu tena. Kampuni imepungukiwa namba, imeubana mtaa mzima kwenye namba moja. Kutoka nje ruksa. Kuingia, hakuna. Anayebisha hodi hajulikani anamtafuta nani kati ya nyumba zote hizi, basi anaachwa nje.

Nimepiga huduma kwa wateja. Msichana mwenye sauti ya asali akaniambia intaneti yangu iko vizuri, naweza kuangalia filamu. Nikamwambia sitaki kuangalia kitu, nataka kuangaliwa. Akasema ataniunganisha na fundi.

Nimewaarifu wote wawili. Kaka anasema sawa, fanya utakavyoweza. Mdogo wangu ameandika neno moja: "Haraka."

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Leo hakukuwa na taa. Nimekula nimekaa kwenye kochi, miguu juu ya meza. Nimemwimbia Mama nyimbo zetu za kitandani na sauti yangu mbovu. Nimelia mbele yake na akanipangusa kwa ncha ya shuka, akadhani nina mafua. Hakuomba kitambaa cha kichwa. Nywele zake chache, nyeupe, zilikuwa zinapepea kwa upepo wa dirishani na hakujali.

Ni siku nzuri kuliko zote tangu tumerudi kutoka hospitalini.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi wa nyaya amekuja. Ana tabia ya kusimama sebuleni na kofia kifuani akiona mgonjwa, halafu anasahau alichofuata. Akazungumza na ofisini kwao, wakaturudishia namba yetu wenyewe. Itaendelea kubadilikabadilika kama zamani, lakini ni yetu. Akajaribu kwa simu yake, akiwa nje barabarani. Akaonyesha dole gumba kupitia dirishani. Kila kitu kinafanya kazi.

Akaondoka. Nikapanda kwenye stuli. Nikaizima laptop.

Kaka kauliza jioni: vipi fundi? Nikasema bado.

Jumapili, 23 Machi

Bado, nimesema tena.

Mdogo wangu anapiga kila akitoka zamu. Naweka simu sikioni mwa Mama. Mama anasema "ee", "ee", na kumbe hajui ni nani. Kisha mdogo wangu ananiuliza mambo: anakojoa? Rangi gani? Miguu imevimba? Namjibu yote. Ninamwambia ukweli wa kila kitu isipokuwa kimoja.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi Mama alikuwa mzima wa akili. Macho makavu, safi. Alijua siku, alijua mimi ni nani, aliuliza kama chuoni hawajanifukuza. Nikamwambia nimeomba ruhusa. Akasema, "Ruhusa gani isiyoisha?"

Nikaona ni sasa au basi. Nikamwuliza: Mama, ile kamera. Unataka wakuone?

Alifikiri. Mama anapofikiri hutafuna hewa. Akasema, "Wanione nini?"

"Ulivyo."

"Hivi siko." Akanyanyua mkono, akautazama kama wa mtu mwingine. "Wao wana mama yao waliyemwacha pale getini wakiondoka, amesimama kwa miguu yake. Waachie huyo." Akapumzika. "Lakini wasikie. Mtu akisikia nyumba inaongea, anatulia."

Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema nimletee chai, nisimgeuze shahidi mahakamani.

Nimewapigia wote wawili kwa pamoja. Nimewaambia alichosema Mama. Halafu nimewaambia na la pili — kwamba fundi alishamaliza Ijumaa, na aliyezima ni mimi.

Kaka alifoka. Hajawahi kunifokea hivyo tangu tuko wadogo. Akasema siku zote hizo alikuwa anakaa na simu mkononi, kazini, chooni, akiandika jina la nyumba, na kumbe mlango umefungwa kwa ndani. Ni kweli. Sikujitetea. Akakata.

Mdogo wangu alibaki. Nilingoja aseme neno lake la ripoti. Akasema, "Dada, mimi kila siku naogesha mama za watu. Najua mgongo wa kila mmoja. Wana mabinti, mabinti wanakuja Jumapili na maua. Wa kwangu mnaniambia nimsikilize."

Nikamwambia ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Akasema anajua. Ndiyo maana halii.

Jumatano, 26 Machi

Laptop inawaka. Kamera nimeigeuza ikatazama ukuta. Maikrofoni nimeishusha karibu na mto.

Kaka aliingia kabla hata sijashuka kwenye stuli. Hakunisemesha mimi. Akamsalimia Mama, akaanza kumsimulia theluji, na mtoto wake wa mwisho anavyoogopa kuvaa buti. Mama alicheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho. Alicheka hasa, meno yote yaliyobaki nje.

Nusu saa baadaye ujumbe: "Samahani nilivyokufokea. Nasikia unaosha vyombo." Nikamjibu, ndiyo, na wewe hujawahi kuviosha. Akanitumia alama ya kucheka.

Ijumaa, 28 Machi

Tumezoea haraka. Wananyamaza mle ndani saa nyingi. Najua wapo kwa ile taa. Ninamgeuza Mama, ninasema kwa sauti, "Sasa namgeuza, atalalamika kidogo," na Mama analalamika, na mdogo wangu kutoka kule anasema, "Mto kati ya magoti, dada." Naweka mto kati ya magoti. Mama ananyamaza. Siku zote hizi sikujua hilo la mto.

Sasa nakula sebuleni.

Mdogo wangu amepewa likizo. Tiketi ni ya Jumatatu. Amesema polepole, kama anayebeba glasi iliyojaa.

Jumapili, 30 Machi

Muuguzi amepita. Alimshika Mama mkono, akamhesabia pumzi, akanivuta jikoni. Akasema kuna mabadiliko. Nikamwuliza siku ngapi. Akasema yeye hahesabu tena kwa siku.

Alinong'ona, lakini maikrofoni ile ni nzuri mno. Tuliporudi sebuleni, sauti ya Kaka: "Tumesikia."

Mama hajanywa kitu tangu jana. Namlowesha midomo kwa pamba.

Jumatatu, 31 Machi

Mdogo wangu yuko njiani. Amepanda ndege ya kwanza, ameshuka, anasubiri ya pili kwenye uwanja wa nchi ya watu. Amekaa sakafuni karibu na soketi ya umeme, anasema, simu inachaji, jina la nyumba limefunguka, anasikia. Ndege ya pili imeahirishwa. Hawajawaambia mpaka lini.

Pumzi ya Mama inakuja, inakaa, inachelewa kurudi. Kila inapochelewa sisi wote tunachelewa nayo — mimi hapa, Kaka kule, yule mwingine sakafuni.

Mchana ruta ilizima ikawaka. Sekunde tu za umeme, lakini namba ikabadilika. Nilikaa nikiitazama simu. Hawa wawili wako nje, wanagonga tulipokuwa, na sisi tuko pale pale, kitanda pale pale, dirisha pale pale. Nikamwambia Mama wanakuja, wanatafuta njia. Kisha taa ikawaka. Kaka akasema, "Bado?" Nikasema, "Bado yupo."

Mdogo wangu akasema: "Dada, sitawahi."

Nikamwambia usiseme hivyo.

"Wagonjwa wa hivi nimewaona wengi. Naijua hiyo pumzi. Sitawahi." Nyuma yake wanatangaza safari za watu wengine. "Geuza kamera. Mara moja tu. Nakuomba."

Nikamwambia Mama alikataa.

Kaka akaingilia. Nilidhani atakuwa upande wangu. Akasema yeye hatatazama, atazima simu yake kabisa, aachiwe mdogo wetu peke yake. "Mpe. Ndiye kitinda mimba. Mpe."

Akatoka, kweli. Kaka ametoka ili asione, na kwa hiyo hasikii tena.

Nimemchana Mama nywele. Nimembadilishia shuka, nimempaka mafuta usoni. Sijui nimeyafanya kwa ajili ya nani. Kamera nimeishusha kutoka kabatini, iko mapajani kwangu, uso wake umelala kwenye gauni langu. Hata taa yake siioni, naona wekundu tu kwenye kitambaa. Naandika kwa sababu mikono haitaki kutulia.

Nimeinama sikioni mwake. Nimesema, Mama, mwanao wa mwisho yuko njiani, anaomba akuone. Nigeuze?

Amefumbua macho. Ananitazama mimi. Midomo imesogea, hapakutoka kitu. Mdogo wangu amesikia nilivyouliza. Hata yale matangazo ya uwanjani yamekoma.

Nimemwuliza tena.

Nasubiri.